Tulimwombea kwa Sauti

Masara, Suna Magharibi,
Migori.
Mei 1995

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaiweka sawa miwani yako, mtazame vizuri mgeni aliyekuletea karatasi hizi. Anaitwa Atieno. Mpe maji ya kunywa, umpe na ya kuoga, na kama kuna chochote chunguni mpakulie, maana najua njia nzima ameona haya kula mbele za watu. Usimuulize kitu. Nakujua wewe: mgeni hajakaa, umeshataka kujua ukoo wake na kanisa lake. Safari hii soma kwanza mpaka mwisho. Ninachokuomba ni kikubwa, na nitakisema hapa hapa mwanzoni usije ukadhani nakuzunguka. Nataka umweke nyumbani, katika kile chumba alichoacha Kaka Danieli alipooa, mpaka ajue mwenyewe aende wapi. Naogopa utakataa, ndiyo sababu barua imekuwa ndefu.

Goti lako je? Barua ya Pasaka ulisema linakuuma ukipanda kilima kwenda kanisani, nikakujibu upumzike, na nina hakika hukupumzika. Mnazi ule uliomwinamia jirani umeukata, au bado mnagombana naye? Mimi mwili ni mzima. Kikohozi cha vumbi kimepungua tangu mvua ianze. Kilichobaki ni huku kutotulia kwangu, ambako wewe husema nilianza nako tumboni, ila mwezi huu kumezidi. Darasani natembea mpaka watoto wanachoka kugeuza shingo. Nyumbani naanza kufua, naziacha nguo kwenye beseni, naenda kuchambua mboga, naziacha pia. Hata kuomba naomba nikitembea, kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, na nikifika dirishani nimeshasahau nilikuwa nasema nini mlangoni.

Uliniuliza mara moja watu wa huku wanafanya kazi gani, nikakuambia wanachimba dhahabu, ukacheka ukaagiza bangili. Dhahabu ya Masara huioni, Mama. Wanaume hushuka shimoni kwa kamba. Wanawake hubaki juu wakiponda mawe kwenye vinu vya chuma mpaka yawe unga, kisha unga huo huoshwa kwa maji na zebaki, na kinachobaki mwisho wa yote kinaweza kukupotea chini ya ukucha. Atieno alikuwa mmoja wa wapondaji. Alikaa mlango wa tatu kutoka kwangu katika hii nyumba yetu ndefu ya mabati, yeye na mumewe Owuor, ambaye ni mchimbaji. Kuta za mabati hazifichi kitu. Jirani akipiga chafya kwake, wewe kwako unamwambia afya.

Shimo likikaa wiki bila kutoa kitu, Owuor alimpiga. Likitoa, alikwenda kunywa, akarudi akampiga. Majirani tulikuwa tukisikia tunaongeza sauti ya redio, na mimi pia niliongeza. Mwaka jana Atieno alikuwa na mimba ya kwanza, ikatoka kwa teke. Hakuna aliyesema hapo pametolewa mimba. Watu walisema ni bahati mbaya, wakampelekea Atieno uji, na Owuor akapewa pole kwa kumpoteza mtoto. Mimi nami nilimpa pole. Nilimshika mkono kabisa.

Mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza, Atieno alikuja kwangu mchana nikisahihisha hesabu za watoto. Akakaa kwenye mkeka, akakataa chai.

"Mwalimu, niko na mimba tena," akasema. "Na hii mimi sitaki."

Nikamwambia mtoto ni zawadi ya Mungu. Ni maneno yako, Mama, yalinitoka jinsi nilivyozoea kuyasikia kwako.

"Zawadi ni ya kwao," akanijibu. "Ng'ombe zilishafika kwa baba yangu. Nikizaa, mtoto ni wa Owuor. Nikitoka natoka pekee yangu, namwachia. Nikikaa, nakaa mpaka siku ataniua. Sasa niambie, hiyo zawadi nitaiweka wapi?"

Wewe wajua tunavyofanya tukikosa jibu, nikasema tuombe. Nikaomba kwa maneno mazuri sana. Nilipomaliza akainua macho akaniuliza, "Umeombanga nini hapo? Nisitoe, ama nisipigwe?" Nikatambua kwamba lile la pili sikuligusa hata kwa neno moja. Niliona aibu, nikamwongezea chai aliyokuwa ameikataa.

Huku kuna kikundi cha akina mama wa kanisa ambao huomba kila Ijumaa alasiri, kwa zamu, leo nyumbani kwa huyu, Ijumaa nyingine kwa yule. Kiongozi wao ni Mama Rosbela, mjane wa umri wako, anauza omena, vile vidagaa vya ziwani, sokoni, na ana moyo mkubwa kuliko karai lake. Desturi yao si kama yetu ya kufuata sala kitabuni. Mwenye shida humweleza kiongozi, na kiongozi humtaja kwa jina mbele za Mungu, kwa sauti, pamoja na shida yake yote kama ilivyo. Kisha wote huitikia wakilitaja lile jina, kila mmoja na maneno yake, mpaka nyumba inavuma. Kwao, kuomba bila kutaja jina ni kupeleka barua isiyo na anwani. Nilipofika hapa nilishangaa, baadaye nikapenda. Wamewahi kunitaja mimi nilipougua malaria, nikiwa pale pale sakafuni, na nakuambia nililia.

Atieno alimwendea Mama Rosbela mwenyewe. Hili lishike, Mama, nakuomba sana. Kabla ya kutafuta dawa alitafuta maombi.

Ijumaa hiyo zamu ilikuwa ya mke wa kakake Owuor. Atieno alikuwa kazini akiponda mawe. Sisi tukajaa katika ile nyumba, Mama Rosbela akapiga magoti katikati, na bila kufikiri yuko chini ya paa la nani akasema: Ee Baba, tunakuletea binti yetu Atieno, mke wa Owuor, ana mimba changa na shetani anamwambia aitoe, umzuie. Kina mama wakaitikia Atieno, Atieno. Mimi nilifungua macho, nikamwona mwenye nyumba naye amefungua yake.

Siwezi kusema yule mama alikuwa na nia mbaya. Nadhani alimpakulia mumewe chakula tu, akamweleza jinsi tulivyomwombea mke wa mdogo wake, kama mtu anavyoeleza habari njema. Jua halijazama, Owuor alikuwa ameshajua. Alimpiga kwa mpini wa sururu. Tulimsikia akipiga huku akisema anamfundisha asiue mtoto wake. Safari hii redio niliizima. Nilitoka na sufuria, nikaligonga lile bati la mlango wao mpaka likabonyea, nikipiga kelele kama mwendawazimu. Owuor akafungua.

"Mwalimu, hii ni mambo ya boma," akaniambia, tena kwa upole. "Wewe rudi kwa vitabu yako."

Atieno akapita chini ya mkono wake, akakimbilia kwangu. Nilifunga mlango kwa komeo na meza.

Jumatatu niliporudi chakula cha mchana nilimkuta sakafuni pangu. Alikuwa ametoka asubuhi kwenda kwa mwanamke mmoja nyuma ya soko, amekunywa kitu, na sasa damu ilikuwa inakwenda mpaka imefika chini ya kabati. Sijui ni ile dawa, sijui ni mapigo ya Ijumaa. Mimi naona ni mapigo. Mtu aliyepigwa vile, mimba ingekaa vipi?

Hospitali iliyo karibu hatukuthubutu kwenda, kwa sababu rafiki mkubwa wa Owuor ni bawabu langoni, na pia kwa sababu ya maswali. Mama Rosbela akatokea. Sijui nani alimwambia. Alikuwa bado ananuka omena, karai ameliacha sokoni bila mtu. Akasema mdogo wake ni muuguzi katika zahanati ya misheni kule Lambwe, upande wa Homa Bay, tumpeleke huko. Lambwe ni mbali, Mama. Nikakimbia kwa Mzee Abdalla, yule mtu wa Malindi niliyekuandikia habari zake, mwenye duka la vitambaa na pikapu. Kila siku nikipita hunitania, "Mwalimu, walikukosea nini nyumbani hata ukaja kujificha huku?" Siku hiyo aliitazama mikono yangu yenye damu, akachukua ufunguo.

"Mimi sina swali," akasema. "Mpakieni mgonjwa."

Nyuma Mama Rosbela alikaa amempakata Atieno kichwa, na mimi nimeishika miguu. Tulipoingia bonde la Lambwe mvua ilikuwa imepita, na udongo wa kule mweusi ukilowa haukuachi. Pikapu ikazama. Mzee Abdalla akashuka, akatazama magurudumu, akatazama jua, akachukua maji ya dumu akatawadha, akatandika gunia kando ya njia akasali. Nilitaka kumpigia kelele. Mtu anakufa, yeye anasujudu. Mama Rosbela kule nyuma naye alikuwa akiomba, lakini sikuamini kwamba ni yeye, kwa sababu alikuwa ananong'ona. "Nyasaye, Nyasaye," basi, yaani Mungu kwa lugha yao, bila jina la mtu, bila neno lingine. Mimi peke yangu sikuomba. Nilikuwa nasukuma gari lisilokuwa na dereva, matope mpaka magotini, nikilia kwa hasira. Mzee alipotoa salamu akanyanyuka, akawaita watu waliokuwa wakipalilia mahindi hapo karibu, akaingia matopeni pamoja nasi. Tukatoka.

Alipona. Yule muuguzi hakuuliza zaidi ya alichohitaji kujua ili amtibu. Tulipoambiwa ataishi, Mama Rosbela alikaa chini ukumbini akajifunika kanga usoni. Tukamwacha Atieno huko atibiwe, sisi tukarudi Masara.

Jumapili iliyofuata ndiyo iliyonimaliza. Owuor alikuja kanisani na shati limepigwa pasi. Mzee wa kanisa akatangaza kwamba ndugu yetu amenyang'anywa mtoto, tumkumbuke, na kwamba mkewe akirudi atasimama mbele ya kanisa atubu, na mpaka hapo ametengwa na meza ya Bwana. Watu wakaitikia amina. Kisha ukafika wakati wa toba, ambapo huku kila aliye na jambo husimama akalisema, na Mama Rosbela akasimama.

"Mimi ndio nilimtaja," akasema. "Huyu mtoto alikuja kwangu na siri, mimi nikaipeleka kwa nyumba ya mwenye kumpiga, nikaita hiyo maombi. Nilikuwa naongea na Mungu, lakini nilitaka watu pia wasikie vile najua kuomba. Mungu anisamehe." Watu wakadhani amemaliza. Akaendelea, "Na mwaka jana, ile mimba ya kwanza, ilitolewa na teke. Nani alisimama hapa kutubu hiyo? Sisi wote tulisikia. Mabati si mawe."

Mke wa kakake Owuor akasimama, akashindwa kusema, akabaki amesimama. Nikasimama na mimi. Wengine, zaidi ya nusu, walitazama chini, na mzee akaanzisha wimbo kabla wa nne hajanyanyuka. Owuor alitoka katikati ya wimbo. Sitakudanganya kwamba kanisa lilibadilika siku hiyo. Kilichobadilika ni kwamba Ijumaa sasa tunaomba kimya, na kukisikika ugomvi katika nyumba kina mama wawili watatu huenda wakasimama mlangoni wakaimba mpaka mwanamume atoke. Wengine wanawacheka. Mama Rosbela hajali, anakwenda na samaki zake kichwani.

Lakini Owuor hajatulia. Amefika Lambwe, amekaa langoni mwa zahanati akitaka apewe mke wake. Baba yake Atieno naye ametuma neno kwamba ng'ombe walishaliwa, hawana wa kurudisha, hivyo binti arudi kwa mumewe avumilie. Atieno amenisikiliza nikimweleza habari zako, akauliza tu kama huko kwetu Rabai ni mbali vya kutosha. Bi Zuhura, mkewe Mzee Abdalla, anakwenda Mombasa kwenye arusi ya mpwawe, amekubali kusafiri naye mpaka Mazeras na kumwonyesha njia.

Sasa, Mama. Sijasahau ulivyosimama katika kikao cha akina mama ukasema yule binti wa kwaya aliyetoa mimba asirudi kwayani, na kwamba damu ya mtoto inalia. Nilikuwa nimekaa nyuma yako na nilijivunia ujasiri wako. Sikuandikii kukubishia. Mimi mwenyewe naamini kilichotoka siku ile kilikuwa mtoto, na nimelia kwa ajili yake. Naamini pia mama yake alikuwa anauawa pole pole mbele yetu, na sisi tukiimba. Hayo mawili nayabeba kila mkono moja na sijui pa kuyaweka. Nimeomba mwezi huu kuliko maisha yangu yote na sijapata kuomba vibaya namna hii. Namwambia Mungu, fanya kitu, kisha namwambia, nisamehe, kisha nakasirika tena. Kama wewe una maneno yaliyo bora nitumie.

Nikuombe na mambo madogo. Usimtaje kwa sauti katika maombi ya chama chenu, hata kwa wema. Usimsimamishe mbele ya mtu yeyote mpaka atake mwenyewe. Nazi ikianguka atashtuka na kujikunyata; mwambie tu ni nazi. Kazi haitamshinda, mikono yake imezoea kinu, mahindi ya kupondwa atayaona mchezo. Kiswahili chake kitawachekesha watoto, waache wacheke, naye atacheka akizoea. Ana wimbo mmoja wa kikwao anaoimba akifagia. Ukiusikia, ujue siku hiyo ni nzuri.

Nisalimie Kaka Danieli na mkewe, mwambie viatu alivyoniagiza nimevipata vya namba yake na nitavileta Desemba. Nisalimie shangazi mshona vikapu, na babu anayepiga kengele ya kanisa, mwambie huku kengele ni chuma cha gari kilichoning'inizwa na hakifikii yake. Mjukuu wako mbusu, ingawa wananiandikia amekuwa mkubwa hataki kubusiwa. Mchungaji umsalimie, lakini barua hii usimwonyeshe.

Mama, hapo nilikuwa nimeshamaliza. Kisha Atieno akataka nimsomee, kwa kuwa habari ni zake. Nimemsomea yote hapa kwa Bi Zuhura, alikofichwa tangu atoke Lambwe, amekaa kitandani, mfuko wake uko tayari miguuni. Hakunikatiza hata nilipofika kwa Owuor na ule mpini. Nilipofika pale niliposema mimi naona ni mapigo, akainua mkono.

"Hapo umedanganya, mwalimu."

Nikamwambia sikudanganya, nimeandika ninavyoona.

"Umeandika hivyo ndio anionee huruma."

Ni kweli, Mama. Ndivyo nilivyokusudia. Nilipotaka kukata ule mstari alinizuia, akasema karatasi itachafuka, afadhali niongeze maneno yake mwenyewe. Haya hapa, kama alivyoyasema:

"Mama, mimi ni Atieno. Ya kwanza ilitolewa na Owuor. Hii ya pili ni mimi. Nilikunywa dawa nikijua ni dawa ya nini. Naomba kila siku na sijui kama nasikizwa. Sitaki kukaa kwako juu ya uongo. Kama unaona siwezi kaa, niambie tu sasa, kabla sijatoa viatu, nitaenda bila maneno."

Hayo ndiyo aliyosema, sijaongeza wala kupunguza. Mama, tazama hapo mlangoni. Kama bado amevaa viatu, mwambie avue.

Mwanao,
Eunike